UZI: Kupakua vitabu vya sauti vya maktaba kwa wasomaji tusioweza kusoma maandishi ya chapa

Msikivu (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nimeulizwa mara nyingi namna ninavyosoma, na kila mara nimejibu kwa sentensi mbili tatu ambazo hazikumsaidia aliyeuliza. Leo naomba niandike kwa kirefu.

Yapata miaka tisa sasa tangu sehemu ya katikati ya uoni wangu ilipoharibika. Natembea bila fimbo, natambua rangi, na mtu ninayemfahamu namtambua kwa mwendo wake, lakini mstari wa maandishi hutoweka palepale ninapouelekezea macho. Kitabu cha kwanza cha sauti nilichopakua kilikuwa faili moja tu lenye urefu wa saa 11. Kilisomwa vizuri, kwa sauti tulivu. Usiku wa pili nilipitiwa na usingizi, na nilipozinduka msomaji alikuwa amekwisha kufika mbali, nami sikujua niliishia wapi. Nikarudisha nyuma kwa kukisia, dakika ishirini, kisha arobaini, na katika kutafuta huko nikasikia habari za kifo cha mhusika ambaye kwangu mimi bado alikuwa hai. Kitabu kile sikukimaliza. Nilijiaminisha kwamba vitabu vya sauti havimfai msomaji makini, na kwa ajili ya imani hiyo nilikaa karibu miaka miwili bila kusoma.

Nilikuwa nimekosea, na ningependa asiwepo mwingine wa kurudia kosa langu. Sauti nilikuwa nayo. Nilichokosa ni njia za kupita ndani ya kitabu. Mwenye kuona hufungua orodha ya yaliyomo, huruka sura asiyoihitaji, hurudi ukurasa mmoja kuhakikisha jina, na huweka kipande cha karatasi pale alipoishia. Hafikirii kamwe kwamba hayo nayo ni kusoma, kwa sababu mikono yake huyafanya yenyewe. Rekodi ya mfululizo mmoja humnyang'anya msikilizaji mambo hayo yote na kumfanya mfuasi wa sauti ya mtu mwingine.

Ndiyo maana maktaba zinazowahudumia watu wenye ulemavu wa kusoma hutumia zaidi muundo uitwao DAISY, ambao unasimamiwa na muungano wa kimataifa wenye jina hilohilo ulioanzishwa mwaka 1996. Kitabu cha DAISY ni folda yenye mafaili ya sauti pamoja na mafaili madogo yanayoeleza ni wapi kila sehemu, sura, kifungu na ukurasa unapoanzia. Vichwa vya habari vinaweza kupangwa hadi ngazi sita. Katika kifaa kama Victor Reader Stream, kitufe cha 2 na cha 8 huchagua unataka kutembea kwa hatua gani, iwe ni sura, ukurasa au sentensi, kisha kitufe cha 4 hukurudisha nyuma na cha 6 hukupeleka mbele. Mara ya kwanza nilipoambiwa na kifaa kwamba nipo ukurasa wa 48, nilikaa kimya kwa muda mrefu. Sikuwa nimejua wapi nilipo ndani ya kitabu tangu macho yaliponiacha.

Kuna maktaba za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowavunja watu moyo. Ya kwanza ni maktaba ya kawaida ya umma inayoazimisha vitabu vya sauti kwa wanachama wote kupitia programu kama Libby. Humo utapata vitabu vipya vilivyosomwa na waigizaji hodari, unaweza kubadili kasi, na unaweza kuweka kipima muda ili sauti ijizime ukilala. Hata hivyo nakala mara nyingi huazimwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo utaingia kwenye foleni, na muda wa kuazima ukiisha kitabu hufungwa hata kama umebakiza sura moja. Ya pili ni maktaba maalumu, kama huduma ya BARD ya Maktaba ya Bunge la Marekani au Bookshare iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo hufunguliwa tu kwa wale waliothibitishwa kuwa hawawezi kusoma chapa. Huko hakuna foleni ya kupakua, na vitabu vina mpangilio wa ndani. Mimi nimejiunga na zote mbili: riwaya mpya naisubiri kwenye ile ya kwanza, na kitabu cha kujifunza nakitafuta kwenye ile ya pili.

Sasa niseme juu ya kupakua kwenyewe. Kusikiliza moja kwa moja kutoka intaneti kunafaa pale tu mtandao usipokatika, lakini kitabu kilichopakuliwa husikilizwa popote, na kwa mtu asiyeweza kusoma kibao cha njiani au kipeperushi cha chumba cha kusubiri, popote ni jambo kubwa. Sauti ya MP3 iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 29 kwa kila saa moja, hivyo kitabu cha saa 11 kitafika kama megabaiti 317. Kikirekodiwa kwa nusu ya kiwango hicho, ukubwa nao huwa nusu. Kitabu cha maandishi matupu kinachosomwa na sauti ya simu yenyewe mara nyingi hakifiki hata megabaiti chache.

Na kuna kosa ambalo nimeliona kwa watu wengi mno. Mtu hupakua faili la zipu, hulifungua, hukuta mafaili ya MP3, kisha huyanakili hayo peke yake na kuyachezesha kwa programu ya muziki. Hapo amekibomoa kitabu, kwa maana yale mafaili madogo aliyoyaacha ndiyo yaliyokuwa yakishika sura na kurasa, na programu ya muziki inaweza hata kuichanganya mipangilio ya sura kama vile ni nyimbo. Hamisha folda yote kama ilivyo, usibadilishe jina la faili lolote, na uifungue kwa programu inayoielewa DAISY, kwa mfano EasyReader ya Dolphin, ambayo ni ya bure na inaweza kuingia moja kwa moja kwenye maktaba kadhaa ukishakuwa mwanachama.

Mwenye swali na aulize. Nitajibu ninalolijua.

Mama wa Wawili

Shukrani, ndugu Msikivu. Mimi macho yangu ni mazima na ya mwanangu pia ni mazima, ila ana miaka 12 na amethibitishwa kuwa na disleksia. Ukimsomea, anaelewa kuliko wenzake; ukimpa ukurasa, analia. Nilipoomba shuleni aruhusiwe kusikiliza vitabu vya fasihi, nilijibiwa kwamba kusikiliza si kusoma na kwamba atazoea uvivu. Je, mtoto kama huyu anahesabiwa katika hao unaowasema, au nitakuwa naomba haki ya wasioona?

Mkutubi wa Zamu

Mama, naomba nichangie hapa kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Huombi haki ya mtu mwingine. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 chini ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, unawataja walengwa wa makundi matatu: wasioona, wenye upungufu wa kuona au ulemavu wa utambuzi au wa kusoma unaowazuia kusoma kama mtu asiye na ulemavu huo, na wale ambao mwili wao hauwaruhusu kushika kitabu, kukifunua, au kutuliza macho na kuyasogeza kwa namna inayohitajika katika kusoma. Mwanao yumo katika kundi la pili.

Tofauti huja kwenye uthibitisho. Kila maktaba ina fomu yake na orodha ya watu wanaoruhusiwa kuisaini. Katika huduma ya Maktaba ya Bunge la Marekani, mwenye disleksia alihitaji saini ya daktari hadi mwaka 2021, kanuni zilipobadilishwa. Tangu hapo hata mwalimu, mwanasaikolojia wa shule au mkutubi anaweza kuthibitisha. Nimewaona wazazi wakikata tamaa kwa kudhani lazima waanze na hospitali. Uliza kwanza fomu inasemaje.

Kuhusu uvivu, nitasema waziwazi kwamba kauli hiyo inaumiza watoto. Yule anayepambana na kila herufi hutumia nguvu zake zote kuitambua, na haibaki nguvu ya kuelewa hadithi. Kwa mtoto kama wako, omba kitabu chenye sauti na maandishi pamoja, ambacho hupatikana katika DAISY na pia katika EPUB 3, muundo wa vitabu vya kielektroniki: sauti inaposoma, sentensi inayosomwa hung'aa kwenye skrini. Jicho linafuata, sikio linaongoza, na neno ambalo lingemkwamisha linapita likiwa limetamkwa sawasawa. Anza na kasi ya kawaida au chini yake kidogo, kisha umwachie yeye mwenyewe aipandishe.

Mama wa Wawili

Mkutubi, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Nitakwenda na fomu, sitakwenda na maombi ya huruma.

Mwanafunzi wa Sheria

Naomba kuuliza jambo gumu zaidi. Nina uoni hafifu sana na nipo mwaka wa pili. Hadithi zinasikilizika, nakubali, lakini kitabu changu cha kiada kina tanbihi karibu kila ukurasa, na ninapoandika kazi lazima nitaje namba ya ukurasa. Nilipewa na ofisi moja rekodi ambayo tanbihi zote ziliachwa, na nilipodai nikaletewa nyingine ambayo kila tanbihi ilisomwa katikati ya sentensi, hata nikapoteza maana ya sentensi yenyewe. Isitoshe, sauti ya kompyuta hutamka majina ya watu kwa namna ambayo siwezi kuyaandika. Je, kuna kitabu cha sauti kinachomfaa mwanafunzi kweli?

Mkutubi wa Zamu

Kipo, lakini lazima ukiombe kwa jina lake. Mtu akiniambia anataka "kitabu cha sauti," nitampa chochote nilicho nacho. Akiniambia anataka DAISY yenye maandishi kamili na sauti, yenye kurasa zinazolingana na toleo la chapa, na tanbihi zinazoweza kurukwa, hapo nitajua la kutafuta. Tanbihi zinazoweza kurukwa ni uwezo uliomo ndani ya muundo huo: mtayarishaji huzitia alama, kisha msomaji katika kifaa chake huchagua zisomwe au zinyamaze. Zile rekodi mbili ulizopewa zilikuwa maamuzi ya mtu mwingine kuhusu namna unavyopaswa kusoma, na nakupa pole kwa hilo.

Kwa majina, sauti peke yake haitoshi hata ikisomwa na binadamu. Ukiwa na maandishi kamili, unaweza kusimamisha usomaji na kupitia neno herufi kwa herufi. Kwa sababu hiyo mwanafunzi nampeleka kwanza kwenye kitabu cha maandishi kinachosomwa na sauti ya kifaa, ingawa sauti hiyo si tamu. Riwaya, ushairi na wasifu, kwa maoni yangu, zinastahili msomaji binadamu pale anapopatikana, kwa kuwa huyu anajua pa kupumua. Sheria, takwimu na sayansi zinahitaji zaidi uwezo wa kutafuta neno na kurejea ukurasa.

Kuna historia nyuma ya hayo. Huduma ya Marekani ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1931, na mwaka 1934 ilianza kutoa vitabu katika sahani za santuri zilizozunguka polepole ili zibebe maneno mengi. Uingereza ikafuata mwaka 1935. Baadaye zikaja kaseti. Kwa miongo mingi msomaji asiyeona hakuwa na namba ya ukurasa, na kurudi sura ya tatu kulimaanisha kugeuza kaseti na kubahatisha. Kizazi hicho kilifanya mitihani na kupata shahada katika hali hiyo. Ninapoona leo kitabu kikitolewa kama rekodi moja ndefu isiyo na alama, wakati njia bora ipo kwa zaidi ya miaka 20, naona tumewarudisha watu kwenye santuri.

Msikivu

Niongeze la kasi, maana mwanafunzi atalihitaji. Usiogope kuipandisha taratibu. Kitabu cha saa 11 kikisikilizwa kwa kasi ya mara moja na nusu huisha kwa saa 7 na dakika 20. Vifaa vizuri huongeza kasi bila kuifanya sauti kuwa nyembamba. Mimi sikuweza kuvumilia hata nyongeza ndogo mwanzoni. Sasa sauti ya kompyuta naisikiliza kwa mara mbili, lakini msomaji binadamu simkimbizi, namwachia mwendo wake. Na alamisho ziwekwe bila ubahili. Mimi huweka moja kabla ya kulala, moja penye hoja nitakayoirudia, na pale kifaa kinaporuhusu, narekodi maneno machache ya sauti yangu mwenyewe kueleza kwa nini nimeiweka.

Mtoto wa Mzee

Baba yangu ana ugonjwa unaotetemesha mikono, na macho yake yanaona vizuri. Kitabu kinamdondoka, na simu nayo inamshinda kwa sababu kidole kikigusa mara tatu mahali palipohitaji mara moja, kila kitu kinabadilika. Nimempakulia vitabu kwenye simu yangu, lakini ananisubiri mimi nirudi kutoka kazini ndipo asikilize. Hilo linamwumiza, ingawa hasemi.

Mkutubi wa Zamu

Ndugu yangu, mzee naye ni mlengwa, kundi la tatu. Tafadhali usimlazimishe simu. Uliza maktaba maalumu kama inaazima kifaa chake cha kusikilizia: viko vyenye vitufe vichache, vikubwa, vinavyopapasika, na kitabu huja katika katriji anayoisukuma tu ndani. Huduma ya Marekani ilianza kutoa vifaa vya kidijitali vya namna hiyo mwaka 2009, na mengi ya maombi tunayopata kutoka kwa wazee ni ya kifaa kama hicho. Kazi yako wewe itakuwa kupakua vitabu kadhaa kwa mkupuo na kuviweka katika katriji au kadi ya kumbukumbu. Kuchagua kipi aanze, wapi asimame na lini azime kutabaki mikononi mwake.

Mpita Njia

Mimi nina ombi fupi. Kwa kuwa baadhi yenu mmeshapakua vitabu vingi, kwa nini msituwekee sote katika kundi la simu? Wengi wetu hatuna uwezo wa kuvinunua.

Msikivu

Naelewa kinachokusukuma, na sitakujibu kwa ukali. Hata hivyo sitafanya hivyo. Vitabu vya maktaba maalumu vinatengenezwa bila kumwomba kila mwenye hakimiliki ruhusa, kwa sababu sheria imefungua mlango huo kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa tu. Mkataba wa Marrakesh umeenda mbali zaidi na kuruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutumiana nakala kutoka nchi moja hadi nyingine, ili kitabu kilichokwisha kurekodiwa kisirekodiwe upya kwa gharama mpya. Mlango huo ulipiganiwa kwa miaka mingi na vyama vya wasioona, na hoja iliyotolewa kila mara dhidi yao ilikuwa kwamba nakala zitavuja. Baadhi ya maktaba huweka ndani ya kila nakala alama ya mwanachama aliyeipakua. Hata isingekuwepo alama hiyo, sitaki kuwa mimi niliyeithibitisha hoja ile.

Kama wewe una ulemavu wa kusoma, jiunge, na nitakusaidia kujaza fomu hatua kwa hatua. Kama huna, zipo kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha, zinazosomwa na watu wa kujitolea wa LibriVox tangu mwaka 2005; hizo unaruhusiwa kuzipakua na kuzigawa upendavyo.

Na kwa wanaotengeneza programu za maktaba, ikiwa wapo wanaosoma hapa: nimewahi kufungua programu ambayo kisoma-skrini changu kilitamka "kitufe, kitufe, kitufe" na hakikusema zaidi. Nilikuwa nimeazima kitabu, muda wake unahesabiwa, nami siwezi kujua kipi ni cha kucheza na kipi ni cha kurudisha. Vipeni vitufe majina. Kisha mkabidhini mtu asiyeona programu hiyo kabla ya kuitoa, na mumsikilize.

Mwanafunzi wa Sheria

Narudi na taarifa. Niliandika kwa maktaba maalumu maneno yaleyale ya Mkutubi, neno kwa neno. Toleo langu halikuwepo, ila lililotangulia lilikuwepo, lenye maandishi kamili na kurasa. Nimelipakua jana usiku na kuifungua folda nzima kama alivyoelekeza ndugu Msikivu. Nikaandika namba 212, kifaa kikanipeleka ukurasa wa 212. Nikazima tanbihi, nikasoma aya nzima bila kukatwa, kisha nikaziwasha na kurudia aya ileile. Jina la jaji nililokuwa nikilikosea tangu mwaka wa kwanza nimelipitia herufi kwa herufi.

Swali langu linalofuata ni namna ya kulinganisha kurasa za toleo hili na lile wanalotumia wenzangu, maana zimepishana kidogo.

Mkutubi wa Zamu

Usitegemee namba ya ukurasa kulinganisha matoleo mawili. Tumia kichwa cha sura na namba ya aya ndani ya kifungu, na katika kazi yako utaje toleo ulilosoma wewe. Niandikie majina ya sura zilizokusumbua, nitazipitia nikiwa na matoleo yote mawili mezani.